Chupa ya Themanini

Kama juzi daktari amekuambia una ugonjwa wa sukari, na sasa umekaa ukitazama miguu yako kana kwamba ni ya mtu mwingine, maneno haya ni yako. Mimi si daktari. Ni karani wa mizani katika jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, hapa Busia, upande wa Uganda, na kwa miaka tisa kazi yangu imekuwa kusoma namba na kuiandika kama ilivyo. Nitasimulia hivyo hivyo, pamoja na siku ile moja niliposhindwa kusoma namba iliyokuwa mkononi mwangu.

Mizani ndiyo iliyojua kwanza. Msimu wa pamba ukifunguliwa, kiangazi kikiwa kimeanza, sisi makarani na wapakiaji tuna mchezo wetu: kila mtu anajining'iniza kwenye ndoana ya magunia, anapimwa, na uzito wake unaandikwa kwa penseli kwenye nguzo. Msimu ukifungwa tunapima tena, na aliyenenepa anachekwa kwamba amekula pamba ya watu. Mwaka ule nilianza na ratili mia moja hamsini na moja. Wiki nne baadaye nilijipima peke yangu, wenzangu wakiwa wamekwenda kula, nikakuta mia moja thelathini na sita. Nikashuka. Nikatundika jiwe la kupimia la ratili hamsini. Mizani ikasoma hamsini. Mizani ilikuwa nzima.

Opio, mpakiaji wa magunia, alikuwa amesimama nyuma yangu bila mimi kujua.

"Wandera, wewe nakonda hivi, bibi nakunyima chakula?"

"Napewa. Nakula kuliko wewe."

"Basi iko kitu nakula ndani yako, ndugu yangu. Na hiyo kitu haishibi."

Alisema kweli. Nilikuwa nakula ugali wa watu wawili na kuamka na njaa. Nilikuwa nakunywa maji mpaka mtungi unalia mtupu, kisha naacha mizani na kukimbia nyuma ya ghala, mara nane, mara kumi kwa siku. Wakulima waliopanga foleni na magunia yao walianza kunong'ona juu yangu. Walidhani nikiondoka ndipo mizani inapochezewa. Macho yalipungua nguvu. Hata mambo ya mume na mke yaliniacha, nalo hilo naliandika kwa sababu hakuna aliyeniambia kwamba linatokana na ugonjwa, na kwa miezi kadhaa nililala nimeugeukia ukuta nikiona haya. Mke wangu, Nabwire, tulikuwa tumeishi naye miaka sita bila mtoto. Kwao Buhehe walikuwa wameanza kuuliza. Yeye hakuniuliza kitu. Asubuhi moja tu alirudi kutoka uani, akasimama mbele yangu.

"Mahali unapojisaidia usiku pana sisimizi," alisema. "Wamejipanga kama wanakwenda sokoni. Leo hatuendi kazini. Leo tunakwenda Tororo."

*

Mtu akiwa mgonjwa wa muda mrefu, anakuja kulijua benchi kuliko anavyolijua kanisa. Benchi la hospitali ya Tororo nililolikalia lilikuwa chini ya dirisha, na dirishani ulionekana mwamba wa Tororo mzima mzima, mkubwa, hauna haraka. Siku ambazo upepo ulitoka upande wa kiwanda cha saruji, tulipiga chafya benchi zima kwa zamu. Niliuhesabu mwamba ule mistari yake ya maji. Niliwahesabu waliokuwa mbele yangu. Nabwire alishika chupa ya mkojo wangu ndani ya kikapu, ameifunika kwa kitambaa kama mayai.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa Sista Athieno, Mjapadhola, mwanamke mfupi mwenye saa iliyobanwa kifuani kwa pini. Alitia maji ya buluu kwenye kioo chembamba, akadondosha matone ya mkojo, akakipasha juu ya taa ya spiriti. Tulitazama watatu. Buluu ikawa kijani. Kijani ikawa njano. Ikaenda ikaenda, ikasimama kwenye rangi ya tofali.

"Hiyo ni nzuri au mbaya?" Nabwire aliuliza.

"Ingekaa buluu, ningewaambia muende nyumbani," alisema Sista. "Sasa yeye nalala hapa."

Nililala siku kumi na sita. Daktari alipita asubuhi, akasema machache, akaondoka. Sista ndiye aliyenifundisha kuishi. Kila jioni alileta karai la maji ya uvuguvugu, akaniosha miguu. Mimi, mwanamume mzima, nilitaka kuivuta nyuma. Aliishika kisigino kama mtu anavyoshika kuku anayetaka kutoroka.

"Bwana Wandera, kutoka leo hii miguu ni mtoto mchanga. Naosha, nakausha katikati ya vidole, naangalia chini kila jioni. Hapana tembea peku. Hapana kata kucha na wembe."

"Na nikikosa muda?"

"Basi tutakata mguu. Hapo muda utapata mwingi sana."

Alikausha kidole kimoja kimoja, bila haraka, wodi nzima ikimsubiri. Mpaka leo nikikausha vidole vyangu nasikia mikono yake.

Sindano ilikuwa shida. Nilipoiona ile ya kioo yenye sindano ndefu, na kuambiwa itakuwa kila asubuhi ya maisha yangu, niligeuza uso. Sista alimpa Nabwire chungwa ajifunzie. Alilichoma chungwa lile siku tatu, likawa na matundu kama kichujio.

"Chungwa halikulia," alisema Sista. "Sasa huyu."

Nililia kidogo. Nabwire alinichoma pajani, akachomoa, akapangusa kwa pamba, akasema, "Huyu naye hakulia sana." Wagonjwa wa vitanda vya jirani walicheka, na mimi nikacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu kiangazi.

Siku ya kutoka, Sista alitukalisha. "Sikilizeni wote wawili. Sukari naua yeye polepole. Lakini hii dawa ikizidi, au akichoma halafu akikosa chakula, naua yeye mbio. Akitoka jasho baridi, akitetemeka, akianza kusema maneno ya walevi, mpe sukari mdomoni. Usingoje mtu, usiulize mtu."

Tulipofika nyumbani, Nabwire aliondoa sukari yote, akaacha mkebe mmoja tu wa majani ya chai aliojaza sukari. Aliutundika kwa msumari ndani, nyuma ya mlango.

*

Maisha yakapata mpangilio. Alfajiri, sindano ya kioo inachemka kwenye sufuria ndogo ambayo haikupikiwa kitu kingine. Chupa ya dawa inakaa kwenye chungu kidogo kilichofukiwa mchanga wenye maji, pembeni mwa nyumba penye kivuli. Nabwire anavuta dawa mpaka mstari wa kumi na mbili, anainua juu kwenye mwanga, anagonga povu litoke, ananichoma. Kisha uji wa wimbi bila sukari. Mwezi hadi mwezi nilikwenda Tororo kuchukua chupa nyingine na kukalia benchi langu. Nilipokwenda kwenye pombe ya wimbi, wanaume wakiwa wameuzunguka mtungi kila mmoja na mrija wake, nilikaa nao bila mrija. Baba yangu mdogo alinitazama kwa huruma.

"Umepata ugonjwa wa mabwana wakubwa," alisema, "na mshahara ule ule wa zamani."

Nguzo ya jineri ikaanza kuandika habari njema: mia na arobaini, mia arobaini na nne. Usingizi ulirudi, macho yakarudi. Na yale mengine niliyosema yalirudi. Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, Nabwire aliniambia amekosa siku zake mara mbili. Aliniambia huku ameshika sindano, akaongeza, "Usitikisike."

Mimba ilikwenda vizuri mpaka mwezi wa nane. Hapo miguu yake ilianza kuvimba, kichwa kikamuuma, na daktari wa Tororo akasema alale hospitalini mpaka ajifungue. Kwa hiyo tulibadilishana zamu, na sasa yeye ndiye aliyelala na mimi ndiye niliyebeba kikapu.

"Nani atakupikia?" aliniuliza. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo. Dada zangu wameolewa mbali. "Wewe huwezi kupika kwa saa. Ukipata mazungumzo unasahau sufuria. Nitamwita mama."

"Mama yako? Kwangu?"

"Atalala kwa mjane wa jirani. Atapikia jikoni nje. Hamtaonana."

Asiyetoka kwetu lazima nimweleze. Sisi Wasamia, mwanamume na mama wa mke wake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawashikani mikono. Hawali chumba kimoja. Yeye haingii anapolala mkwewe, na mkwe hasimami njiani anapopita yeye. Anajitenga, anaangalia migomba. Jina lake silitamki hata leo, na hapa sitaliandika. Wako vijana wanaosema hayo ni mambo ya zamani. Mimi nililelewa nayo, na kwangu ilikuwa adabu, kama kuvua kofia.

Alikuja kutoka Buhehe na kifurushi kichwani na kuku mwenye madoadoa kwapani. Kuku alikuwa wa supu ya Nabwire, atakapojifungua. Alimfunga kamba mguuni kwenye nguzo ya jiko, na kuku yule akawa mdomo wetu.

Asubuhi ya kwanza nilisikia kikohozi nje ya mlango, mara tatu. Kisha sauti, kwa Kisamia, ambayo ninaiandika kwa Kiswahili:

"Kuku, mwenye nyumba ameamka?"

Nilijibu kutoka ndani. "Kuku, mwambie mama nimeamka, na ninashukuru."

"Kuku, uji uko kwenye kigoda. Hauna sukari. Nimeonja."

Nilisubiri nyayo ziende, nikafungua mlango, nikachukua uji. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Hakuchelewa hata siku moja. Sindano nilikuwa nimejifunza mwenyewe sasa. Nilikuwa nachoma nikiwa nimefumba jicho moja. Baada ya wiki moja mazungumzo yalinoga. Nikipita kutoka kazini bila viatu, kwa sababu ya tope, nilisikia jikoni: "Kuku, kwani miguu ya siku hizi inauzwa sokoni? Mwanangu aliniambia huyu bwana amekatazwa kutembea peku." Nikarudi kuvaa.

Siku nyingine aliuliza, "Kuku, hiyo sindano inauma?"

"Kuku, mwambie inauma kidogo, halafu inaacha."

"Kuku, mwambie pole."

*

Mvua za vuli mwaka ule zilikuwa nzito. Kinamasi kilipanda barabarani mbele ya Busitema, na basi la Tororo likaacha kuja. Nilikuwa na dawa ya siku nne, mke hospitalini ambaye siwezi kumfikia, na mtoto ambaye angezaliwa wakati wowote. Niliwaza jambo moja tu usiku na mchana: nimuone mtoto huyo. Baada ya miaka ile yote ya kungoja, nimuone uso.

Upande wa Kenya barabara ya Kisumu ilikuwa inapitika. Nilivuka mpaka, nikamtafuta kondakta wa basi ninayemfahamu, nikampa karatasi niliyoandika jina la dawa kwa mwandiko wangu mzuri wa karani. Jina tu. Alirudi Jumamosi jioni na chupa.

Ilikuwa na mfuniko wa rangi nyingine. Niliuona. Lakini sisi watu wa mpakani tumezoea vitu kuja kwa sura mbili. Kuna sabuni ya huku na sabuni ya kule, kiberiti cha huku na cha kule. Karatasi tofauti, ndani ni kile kile. Nilijisemea moyoni: hii ni dawa ya Kenya, lazima iwe na kofia yake. Nikaifukia kwenye mchanga.

Jumapili asubuhi nilichemsha sindano, nikavuta mpaka mstari wa kumi na mbili kama kawaida, nikachoma. Kikohozi kilikuja mara tatu.

"Kuku, uji uko kwenye kigoda. Mimi nachambua mboga. Jirani amekwenda kanisani."

"Kuku, nimesikia."

Nilikuwa nimechoka kwa kutolala. Nilikaa kitandani kidogo, nimejifunga shuka kiunoni tu, nikisema nitachukua uji sasa hivi. Nakumbuka nililala ubavu. Nakumbuka jasho, na kwamba mvua ilikuwa inanyesha ndani ya nyumba, nami nikatafuta karai la kukinga. Hapakuwa na mvua. Nakumbuka nikiwa sakafuni, nikisoma uzito wa mguu wa meza.

Yaliyofuata aliyasimulia yeye kwa Nabwire, na Nabwire kwangu, kwa hiyo yamepitia midomo miwili na nayaandika kwa uangalifu.

Alikuwa anachambua mboga alipogeuka akakuta kamba ya kuku imefunguka, na kuku amepanda kigodani anakula uji. Uji ulikuwa umejaa bakuli.

"Kuku!" alisema. "Unakula chakula cha mwenyewe, na mwenyewe hasemi?"

Hakuna aliyejibu. Alikohoa. Akakohoa tena. Aliita kwa jirani. Nyumba ilikuwa tupu. Njia ilikuwa tupu, watu wote kanisani. Kisha akasikia sauti ndani, sauti yangu, inasema namba bila mpangilio kama mlevi.

Alisukuma mlango, akasimama na mambo mawili moyoni. La kwanza, ndani ni chumba cha mkwewe, na mkwewe yuko sakafuni na shuka imemtoka. La pili lilikuwa gumu zaidi: wiki tatu alikuwa anaonja uji wangu mara mbili mbili asije akaniua kwa chembe ya sukari, na sasa alitakiwa kunitia sukari mdomoni kwa mkono wake. Nabwire alikuwa amemwambia kuhusu mkebe. Lakini kuambiwa ni neno, na mimi nilikuwa pale nakoroma. Kama Nabwire alikosea, au kama yeye alisikia vibaya, angekuwa amemwua baba wa mjukuu wake siku chache kabla ya kuzaliwa.

Alivua kitambaa cha kichwani, akakitupa juu yangu, akaingia.

Nilichokijua mimi kwanza ni kidole. Kidole kigumu cha mtu wa jembe, kinasugua ufizi wangu kwa kitu kitamu. Kisha kijiko, kidogo kidogo, na sauti ikisema, "Meza. Meza, mwanangu. Meza." Kichwa changu kilikuwa kimeinuliwa juu ya magoti ya mtu. Nilifikiri ni mama yangu. Nilikuwa na miaka mitano alipokufa na sikuwa nimemkumbuka uso wake tangu hapo, lakini kwa muda mfupi pale sakafuni nilikuwa na hakika.

Dunia iliporudi kidogo kidogo, magoti yale yaliondoka. Nilipofumbua macho vizuri nilimwona kizingitini, amekaa, amenipa mgongo, nywele zake za mvi wazi. Mkono wake mmoja ulikuwa umenyooshwa nyuma, umeshika kikombe.

"Kuku," alisema, "mwambie anywe yote."

Nilikunywa yote. Kisha nilitambaa mpaka pembeni mwa nyumba, nikafukua chupa, nikaisoma kama nilivyopaswa kuisoma. Chupa za Tororo zote ziliandikwa nguvu ya dawa: arobaini. Hii iliandikwa themanini, kwa herufi nyeusi, wazi kabisa. Mstari ule ule, dawa mara mbili. Duka halikuwa na kosa, kondakta hakuwa na kosa. Mimi ndiye mtu wa mizani.

"Kuku," nilisema, "mwambie mama kosa ni langu. Nimechoma mara mbili ya kipimo. Dawa hii inafanya kazi mpaka jioni. Itanishusha tena."

"Kuku, muulize tufanye nini."

"Nile kila saa. Na mtu aniangalie."

Alisimama, akaenda jikoni, nikasikia kuni zinavunjwa. Akarudi na uji, akakaa kizingitini, mgongo kwangu, mkono nyuma. Ndivyo tulivyokaa siku nzima. Uji, viazi vitamu, ndizi, uji. Kila nilipoanza kusinzia aligonga mlango kwa kijiko. "Kuku, muulize jina la mke wake." "Nabwire." "Kuku, muulize pamba ya kwetu Buhehe anaionaje." "Kuku, mwambie ni safi, ila wanaweka mawe chini ya gunia." "Kuku, mwambie huyo ni shemeji yake, siyo sisi." Saa tisa jasho lilirudi, na mkono ulikuwa tayari na maji ya sukari kabla sijasema. Jirani aliporudi kutoka kanisani na kutukuta hivyo, alichukua mtungi, akaenda kuchota maji.

Jua lilipokuwa linashuka, nilijua imepita. Yeye pia alijua. Akakusanya vikombe.

"Kuku, mwambie kesho narudi Buhehe," alisema. "Nimeingia nisipoingia, nimeona nisichoona. Aibu hii siwezi kuikalia."

Nilikuwa mchovu mno kutafuta maneno mazuri. Nilisema lililokuwepo.

"Kuku, mwambie sikumwona mtu akiingia. Niliona mkono tu."

"Kuku, mkono wa nani?"

"Wa mama."

Nilimwona akipangusa uso kwa mkono ule ule.

"Kuku," alisema mwishowe, "mkono wa mama si kitu."

Hakuondoka.

*

Barabara ilifunguka baada ya siku tano, ambazo nilichoma nusu ya kipimo, mpaka mstari wa sita tu, nikiisoma chupa mara tatu. Nilipofika Tororo, Nabwire alikuwa amejifungua jana yake, mtoto wa kike, mwenye hasira. Nilimuona uso. Sista Athieno aliniweka mtoto mikononi, kisha akatazama miguu yangu kuhakikisha nimevaa viatu. Nilipomsimulia ya chupa, aliniandikia neno kubwa kwenye kadi yangu na kulipigia mstari: AROBAINI.

Wazee wa pande zote mbili walikaa kulisafisha jambo letu. Waliamua tubadilishane zawadi ili heshima irudi mahali pake: mimi nitoe kitenge, yeye atoe kuku. Kuku ni yupi, hakuna aliyeuliza. Kwa hiyo supu ya Nabwire ilipikwa kwa jogoo wa jirani, na yule mwenye madoadoa akawa wangu kwa haki. Hajawahi kuchinjwa.

Mtoto wetu sasa anatembea. Ratili zangu ni mia moja hamsini kasoro moja. Miguu yote miwili ninayo. Kwa wewe unayeanza, sina maneno mengi zaidi ya haya: kausha vidole vyako, weka mkebe wa sukari mahali ambapo hata anayekuogopa anaweza kuufikia, na mwambie mtu mapema, kwa sauti, ni lini auchukue.

Mama mkwe anakuja msimu wa kupalilia na msimu wa kuvuna. Analala kwa jirani, na tukikutana njiani mimi natazama migomba. Lakini asubuhi, sufuria ndogo ikianza kuchemka, kikohozi kinakuja mara tatu nje ya ukuta.

"Kuku, muulize kama ameisoma chupa."

Ninaifukua mchangani, naifuta kwa kidole gumba, naiinua kwenye mwanga.

"Kuku, mwambie mama: arobaini."

Na siku ambazo yuko kwao Buhehe, mbali, na nje hakuna mtu, bado naisoma kwa sauti.